Miguu ya Kina Umaña

Alto Quemado, Dota
10 Machi 1996

Mdogo wangu Yamileth,

Pokea salamu, na usishtuke kuona mwandiko wangu. Ningekupigia simu, lakini simu ya huku ni ile moja ya dukani kwa Chepe, na ukiigusa tu kijiji kizima kinaacha kununua chumvi ili kisikilize. Hili la leo si la Chepe.

Marielos ana mimba. Atajifungua Julai, Mungu akipenda. Furaha ninayo, usidhani sina. Ila jana Baba alipopata habari aliingia chumbani kwake akatoka na kile kipande cha gunia la kahawa. Wewe ndiye wa kukikumbuka kuliko sisi sote. Amekifua, amekianika juani, anapiga mluzi. Marielos akamuuliza, "Baba mkwe, hicho cha nini?" Akamjibu, "Cha kumkaribishia Umaña mwenzangu."

Ikabidi nimweleze mke wangu mwenyewe. Nikamwambia kwetu, arobaini ya mzazi ikiisha, babu anamshika mtoto kisigino na kumsugua na gunia, si kwa nguvu, kama mtu anayeng'arisha kiatu. Kesho yake asubuhi lengelenge likiinuka, kuku anachinjwa na jamaa wanaitwa, maana mtoto ni wetu. Babu alikuwa hivyo, Baba yuko hivyo, mimi niko hivyo: jua kidogo, kiatu kipya, mpini wa jembe, na ngozi inajaa maji. Nikamwambia siku ya mtakatifu wetu ni sisi tunaobeba sanamu pekupeku ili watu waione hiyo miguu ya kina Umaña. Alicheka sana. Akasema angejua mahari yangu ni malengelenge angedai nyongeza.

Halafu akauliza, "Na dada yako je?" Nikamwambia. Ulisuguliwa, hakuna kitu. Ukasuguliwa tena ulipoanza kutembea, hakuna kitu. Ulipofika miaka sita Baba alisema mezani, mbele ya jamaa, kwamba Mama aende akamtafute mwenye miguu hiyo. Mkaondoka na gari la maziwa, wewe umevaa viatu vyako vya kanisani. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimebaki nimeshika geti.

Marielos hakucheka tena tangu hapo.

Wewe kazi yako ni kuchungulia ngozi kwa darubini. Niambie, mtoto wangu lazima awe na miguu yetu?

Kaka yako,
Evelio


Guadalupe, San José
24 Machi 1996

Kaka Evelio,

Hongera wewe na Marielos. Hicho kipande cha gunia, mwambie akipata nafasi akitie motoni.

Tangu nikiwa na miaka sita nimesubiri mtu wa nyumba hiyo aniulize swali hilo. Jibu ni hapana, si lazima. Sasa soma polepole, na ukichoka kanywe kahawa urudi.

Ngozi imejengwa kwa seli, na seli ni kitu laini, kama yai lisilo na ganda. Ingekuwa hivyo tu, ungejikuna mara moja ungepasuka. Kinachoishikilia ni nyuzi zilizo ndani yake, na ziko za aina tatu. Kuna nyembamba sana, na kuna mirija minene, na hizo mbili zinajengwa na kubomolewa kutwa kucha, kila seli inapotaka kusogea au kugawanyika. Zilizo katikati kwa unene tunaziita nyuzi za kati. Hizo kazi yake ni kuvumilia. Ukiivuta seli zinanyooka, hazikatiki. Zimetanda kutoka kwenye kiini hadi ukutani, na pale ukutani zimefungwa kwenye vifungo vinavyomshika jirani, na chini zimefungwa kwenye vifungo vinavyoshika sakafu ya ngozi. Ukisuguliwa, mvuto hauishii kwa seli moja, zote zinaubeba. Misuli ina nyuzi za kati za aina yake, neva zina zake. Za ngozi ni keratini, ndugu wa kucha zako na wa pembe za ng'ombe wa Baba.

Namna zinavyosokotwa, mtazame Baba akitengeneza kamba ya nira utaelewa. Protini mbili tofauti, lazima ziwe mbili, zinapindana. Jozi hiyo inalazwa na jozi nyingine, na nyingine, mpaka inakuwa kamba. Sasa, protini moja ikiwa na kasoro haikai pembeni kwa aibu. Inaingia, inasokotwa pamoja na nzima, na kamba yote inaharibika. Siku ya joto, ukisuguliwa, kamba hizo zinajikunja kuwa madonge, seli ya chini inapasuka, maji yanajaa. Ndilo lengelenge lako hilo. Si damu ya Umaña inayochemka, kama Babu alivyokuwa akijisifu.

Maelekezo ya kutengeneza protini hiyo kila mtu anayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Baba ana moja mbovu na moja nzima. Kila anapopata mtoto anampa moja tu, bila kuchagua. Wewe ulipewa mbovu. Mimi nilipewa nzima. Kwa mtoto wako ni kurusha sarafu upya, na hakuna gunia litakalobadilisha.

Mwambie Baba, tena umwambie kabla ya Julai. Halafu njoo huku, daktari ninayemfanyia kazi anataka kipande cha ngozi yako, kidogo kuliko punje ya mchele. Utachomwa ganzi, kwa hiyo usianze visingizio.

Niliajiriwa hapa muda mfupi baada ya kumzika Mama. Haya yote niliyajua wakati hayana tena mtu wa kumwambia. Alikufa akijua hakufanya kosa, lakini hakujua kwa nini miguu yangu ilimshtaki.

Yamileth


Alto Quemado
2 Juni 1996

Mdogo wangu,

Nilifika salama. Kidonda cha mkono kimefunga, na Marielos ananiita mtoaji sadaka kwa sayansi. Asante kwa kitanda, na kwa wali wako na maharage, ingawa chumvi ulimwachia Chepe.

Baba bado sijamwambia. Usinigombeze. Siku ya kwanza alikuwa anaumwa, ya pili tulikuwa na fundi, na baada ya hapo kila nikifungua mdomo naona uso wake wa ile siku ya gari la maziwa. Umri huu wangu, Yamileth, bado namwogopa. Amekwisha kununua kuku wa sherehe na kumpa jina.

Nitamwambia.

Evelio


Guadalupe
23 Juni 1996

Kaka Evelio,

Nimeiona ngozi yako. Kwenye darubini ya elektroni kila kitu ni kijivu, lakini ukishazoea unasoma kama gazeti. Seli zako za chini zimepasuka, na nyuzi zimekusanyika madonge madonge, kama nywele zilizoziba bomba la bafuni. Nilikaa nayo muda mrefu, nikawa nafikiria jinsi ulivyokuwa ukipanda ule mlima kwenda shule, viatu umevitundika shingoni.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukuuliza. Nilijikata na mimi kipande, nikakiweka kando ya chako. Zangu zimenyooka, safi, kutoka kiini hadi ukutani. Nikalia pale kwenye kiti, mpaka daktari akatoka nje kwa adabu. Nilikuwa nimetumaini kuona ishara fulani kwamba mimi ni wa Baba. Haipo. Ngozi nzima haisemi mtu ni mtoto wa nani. Yangu imenyamaza tu, na Baba akachukua kimya hicho akakifanya jibu.

Julai imekaribia. Mwambie.

Yamileth


Alto Quemado
1 Septemba 1996

Mdogo wangu Yamileth,

Ni msichana, anaitwa Noelia, na ana miguu yetu!

Alizaliwa tarehe kumi na saba Julai, mzima, mwenye sauti ya kuuza samaki sokoni. Arobaini ilipoisha Baba akamsugua. Jioni hapakuwa na kitu, tukala, tukalala. Asubuhi niliamka wa kwanza nikaenda kumtazama, na lengelenge lilikuwepo, kisigino cha kulia, kubwa kama kifungo cha koti. Nikawaita wote.

Ungemwona Baba. Alimwinua mtoto mpaka karibu na boriti, machozi yanatiririka, anasema, "Huyu hakuna wa kumsema, huyu hakuna wa kumsema." Marielos naye, Baba alimwita "binti yangu" kwa mara ya kwanza. Kuku alichinjwa, na hata Chepe alikuja na kamera yake. Picha ndiyo hiyo ndani ya bahasha.

Kwa hiyo ile habari yako ya nyuzi sikuhitaji tena kumwambia. Sarafu imeangukia upande wetu. Nitumie zile bendeji zisizoshika ngozi, Marielos anamwogopea sana mtoto.

Evelio


Guadalupe
10 Septemba 1996

Evelio,

Nilifurahi kumwona. Ana nyusi za Mama, zile zinazokutana katikati kama zinateta. Nimeibusu picha kabla ya kufanya kitu kingine chochote, nataka ulijue hilo kwanza.

Halafu nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Si kwa shaka, ni mazoea ya kazi.

Mkononi amevaa kikuku cha uzi chenye ushanga mweusi cha kukinga jicho baya. Kinambana. Chini ya kikuku ngozi ni safi. Kidevuni kuna mkanda wa kofia, umeacha alama, na ngozi ni safi. Nepi imefungwa kwa pini kiunoni mwa mtoto anayerusha miguu kutwa, na kiuno ni safi. Mtoto mwenye nyuzi kama zako, umri ule, angeota malengelenge hapo kwanza kabla ya kisigino. Wewe ulizaliwa huna ngozi vidoleni, Mama aliniambia.

Lengelenge ni moja tu. La duara, ukingo wake kama umechorwa, na limezungukwa na wekundu. Hilo halikusuguliwa, Evelio. Hilo limeunguzwa. Ulitumia nini?

Nataka uniambie ni wewe na si Marielos, maana nikijua ni wewe nitakasirika tu, lakini nikijua ni yeye nitaogopa. Najua kwa nini. Ulikuwa unamkinga asipandishwe gari la maziwa. Lakini mimi nilifukuzwa kwa kisigino kizima, na huyu amekaribishwa kwa kisigino kilichochomwa, na sijui hapo niseme nini. Nilikuandikia kurasa nzima. Ulikuwa na maneno yote mfukoni, na hukumwambia.

Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usipasue. Usipake siagi wala dawa ya meno. Akipata homa mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo, mkaseme ukweli huko. Bendeji nimeweka ingawa hatazihitaji kwa muda mrefu. Huyo mtoto ana ngozi kama yangu.

Yamileth


San Marcos
18 Septemba 1996

Wifi Yamileth,

Hatujaonana, ila najua unaungua moyo kuliko mimi, kwa hiyo nitaandika bila kuzunguka. Barua yako niliifungua mimi. Ilikuwa na jina la Evelio, lakini Evelio alikuwa shambani na bahasha imevimba, nikajua ni bendeji.

Wiki tatu nimembeba mtoto mzima kama nimebeba mayai. Nilikuwa namnyonyesha sithubutu kumkumbatia. Nguo zake zote nimezigeuza mshono nje. Akilia nilikuwa najiuliza ni mimi nimemuumiza wapi. Wiki tatu, wifi, namwogopa mtoto wangu, na baba yake ananiangalia.

Nilimuuliza mchana anakula. Hakukana. Ni kijiko, kile cha kukorogea maji ya sukari guru, alikipasha kwenye jiko alfajiri. Akasema, "Nilifanya kwa ajili yako." Nikamwambia, "Na nani alikuambia mimi nahitaji ushahidi?"

Niko kwa mama yangu na Noelia. Kidonda kimekauka. Sikupanda gari la maziwa, nilipanda basi la saa sita mchana, watu wote wanaona, na Chepe akanibebea begi.

Mama yako, Mungu amrehemu, sikumjua. Lakini naona kosa lake lilikuwa moja tu, kukaa miaka sita akisubiri kisigino kimtetee. Mimi sisubiri. Evelio nimemwambia aje Jumapili amwone mtoto, akae kwenye benchi la nje. Jumapili hii alikuja, akalia, akaondoka. Nampenda, huo ndio ubaya wake.

Wifi yako,
Marielos


Alto Quemado
29 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Nilimshika kwa mkono huu huu ulioukata ngozi. Aliamka, akaniangalia, akacheka, akadhani tunacheza. Halafu kijiko kikamgusa. Sina zaidi ya hapo la kujitetea, na sitakuandikia utani leo.

Nimemwambia Baba. Imekuwa kama ulivyosema, ningeweza kumwambia siku yoyote.

Alikuwa kibandani anasokota kamba ya nira ya ng'ombe wake Lucero. Nikachukua uzi mmoja wa katani uliooza kwenye takataka nikamwambia ausokote pamoja na zilizo nzima. Akasema, "Unataka kuniulia ng'ombe? Uzi mmoja huo unaikata kamba yote mlimani." Nikamwambia, "Basi ndiyo miguu yetu hiyo, Baba." Nikamweleza kama ulivyoandika, hata barua nilimsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikumbuki kama amewahi kulifanya.

Akauliza, "Na kamba yenye nyuzi nzima tupu, utaijuaje kama nimeisokota mimi?"

Nikamwambia, "Huwezi kuijua kwa kuitazama, Baba."

Akakaa. Akauliza tena, "Mama yenu Odilie alikuwa anayajua haya?"

"Hapana. Alikufa hajayajua."

"Kwa hiyo siku ile alikuwa na neno lake tu."

"Neno lake tu, Baba."

Kisha nikamwambia la kijiko. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alinitazama kama mtu anayesoma jina lake mahali asipolitarajia, akaiacha kamba chini, akaenda kwa ng'ombe. Amekaa huko mpaka giza. Jana ameniomba karatasi na anwani yako. Nimempa. Kama nimekosea, niongezee hilo kwenye mengine.

Evelio


Alto Quemado
12 Oktoba 1996

Yamileth,

Sijui barua ya namna hii inaanzwaje, kwa hiyo naanza na dada yangu.

Nilikuwa na dada, Eduvina, aliyekufa kabla hujazaliwa. Alivaa soksi nene za sufu tangu mtoto, mvua na jua, hata kitandani. Tuliambiwa ana baridi ya mifupa. Siku moja, mimi bado mdogo, nilimkuta kijitoni ameziweka juu ya jiwe anaosha miguu. Ilikuwa mizima, myororo, haina hata kovu. Mama yangu alinifuata, akanishika sikio, akasema nikifungua mdomo baba atawaua wote wawili.

Sikufungua. Nilimheshimu mama yangu mpaka namzika, na kila siku nilijua kitu juu yake, au nilidhani najua. Basi wewe ulipozaliwa na miguu ile, nilisema moyoni kumbe wanawake ndivyo walivyo. Yale niliyoshindwa kumwambia mama yangu nikamwambia mama yako, mezani, watu wanakula.

Sasa Evelio ananiambia hapakuwa na kitu. Si kwa Odilie, si kwa mama yangu. Nimewahukumu wawili, mmoja kwa sauti na mmoja kimyakimya, na wote wako chini. Nikiwa peke yangu naongea nao kwa sauti, ng'ombe wamenizoea.

Nilikwenda San Marcos kwa Marielos. Alinipokea nje. Nilimpa kipande cha gunia, nikamwambia akichome mwenyewe. Hakukichoma. Alikitandika mlangoni, watu wapangusie viatu, akaniambia nianze mimi. Nikapangusa. Ndipo akanipa mtoto nimshike, ila akanikataza kumgusa miguu. Nimekubali. Amesema Evelio anaweza kuhamia huko, akitaka, awe mgeni kwanza. Yeye mwenyewe kurudi hapa hatarudi. Hilo nalo nimekubali, sina pa kulikatalia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nataka kujua Odilie amelazwa wapi. Usipotaka kuniambia nitaelewa.

Avelino Umaña


Guadalupe
22 Oktoba 1996

Nimeandika Don Avelino nikakata, nikaandika Baba nikakata pia. Acha hii iende bila mwanzo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Sehemu ya Shangazi Eduvina ndiyo iliyonishinda. Nimemfikiria na soksi zake kitandani, joto la Machi. Ulikuwa na jibu mkononi tangu mtoto. Ungemwuliza mama yako mara moja tu, naye angelia akakuapia, na ungejua kwamba jambo hilo linatokea kwa wanawake waaminifu. Lakini mlikuwa watu wa kuulizana kwa gunia.

Sitasema yamekwisha. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa navua viatu nyuma ya kanisa nasugua visigino vyangu kwa tofali, kila siku, mpaka Mama aliponikuta. Sikumwambia kwa nini, na hakuuliza. Alikaa chini pale pale akanivalisha viatu, akafunga kamba mara mbili. Kwa hiyo ya Evelio na kijiko nayaelewa kuliko ninavyopenda, na hilo nimemwandikia na yeye.

Mama yuko Puriscal, kwa watu wake. Panda basi la Santiago, ukishuka uliza makaburi ya juu, si yale ya karibu na barabara. Hakuwahi kukusema vibaya mbele yangu. Karibu na mwisho nilimwuliza msalaba uandikwe nini, akasema, "Odilie Fallas wa Umaña." Nikamwambia simwandikii jina hilo. Akasema jina ni lake, alilichukua kanisani mbele ya watu, na hakuna aliyekwenda kanisani kumvua. Nimeliandika. Utalikuta.

Kutoka barabarani hadi kwake ni mlima, kokoto tupu, na gari haliwezi kupita. Evelio ataomba akubebe. Usikubali.

Njoo siku ya marehemu, tarehe mbili Novemba, mapema kabla ya jua kuwa kali. Vaa soksi mbili za pamba, ya ndani uigeuze mshono uwe nje. Weka unga laini wa mahindi katikati ya vidole. Viatu viwe vya zamani. Pumzika kwenye kila kona hata kama huoni haja. Malengelenge yatapasuka hata hivyo, na usiyaguse njiani. Nitakuwa getini na maji na bendeji. Nitayafunga mimi.

Yamileth Umaña Fallas